Mkaa amilifu wa vifuu: dawa unayolowekea ndiyo inayochonga vitundu

Nyuma ya meza za wakunaji nazi katika soko la Mgandini, hapa Tanga mjini, vifuu hurundikwa mpaka vikafika ukutani. Siku ya kwanza nilipokwenda kuomba debe moja, nilimwamkia mama mwenye meza, akaitikia marahaba, kisha akaniuliza: "Wataka vifuu vya nini mwanangu, kwani kwenu hamna gesi?" Nikamwambia nataka kuchujia maji. Akacheka sana. "Kata ya kuchotea maji naijua, nimezaliwa nimeikuta. Ya kuchujia ndiyo kwanza naisikia kwako."

Mwongozo huu wa kutengeneza mkaa amilifu, yaani mkaa wenye vitundu vingi vidogo vinavyonasa uchafu, ni jibu langu refu kwake, na kwa wengine wanaoniuliza kila mara: walimu wa kemia, vijana wa vyuo wanaofanya mradi wa mwisho, na mafundi wawili watatu wenye tanuri na mizani. Ni wa majaribio ya gramu 100 katika maabara au karakana yenye hewa ya kutosha. Si wa jikoni, na si wa kiwanda.

Jambo ambalo watu hulikosea tangu mwanzo ni hili: wanadhani kemikali ni sabuni ya kusafishia mkaa. Mkaa ukishachomwa, wanauloweka kwenye kitu fulani, wanauosha, wanauita amilifu. Kemikali inayofanya kazi kweli kwa kawaida huingia kabla, kifuu kikiwa bado kifuu, nayo ndiyo huamua vitundu vitazaliwa vingapi na vya ukubwa gani. Ukibadilisha dawa, au ukibadilisha kipimo cha dawa ileile, unapata mkaa mwingine kabisa, ingawa kwa macho yote ni meusi yaleyale.

Vitundu vyenyewe

Anayeijua Ngamiani, mtaa wetu wa hapa Tanga, hatapata taabu hapa. Kuna barabara za namba, pana, gari linapita. Kutoka barabarani unaingia vichochoro. Kutoka kichochoroni unaingia vyumbani, na watu wanalala vyumbani, si barabarani. Punje ya mkaa amilifu ni hivyo hivyo. Vitundu vikubwa ni vile vinavyozidi nanomita 50. Hivyo ni barabara tu. Vya kati, kuanzia nanomita 2 hadi 50, ni vichochoro. Vidogo, chini ya nanomita 2, ndivyo vyumba, na sehemu kubwa ya vitu vinavyonaswa hunaswa humo. Nanomita moja ni milimita iliyogawanywa mara milioni moja, kwa hiyo usitarajie kuviona hata kwa hadubini ya shule.

Mkaa mzuri una eneo la kuta za ndani linalofika mita za mraba 500 hadi 1,500 kwa gramu moja. Uchafu haufyonzwi kama maji kwenye sponji. Hunata kwenye kuta hizo. Ndiyo maana mtaa wenye vyumba vingi usio na vichochoro hausaidii kitu kama mgeni ni mnene: atazunguka nje mpaka achoke.

Mkaa wa kawaida wa vifuu, ule wa kupikia, nao una vitundu, ila ni vichache na vingi vimezibwa na lami iliyoganda wakati wa kuchoma. Kuna njia mbili za kuurekebisha. Moja ni ya mvuke: mkaa uliokwisha kuchomwa hupashwa hadi nyuzi 800 mpaka 1,000 na kupulizwa mvuke wa maji au hewa ukaa, vikala kuta polepole. Ya pili ni ya kemikali, na ndiyo ninayoieleza hapa, kwa sababu haihitaji joto kali kiasi hicho na huacha mkaa mwingi zaidi mkononi.

Hatua ya 1: Chagua dawa kwa kuangalia unachotaka kukinasa

Usianze na dawa iliyoko kabatini. Anza na mgeni unayemtaka. Kama ni molekuli ndogo, kwa mfano klorini ya maji ya bomba au mivuke mingi inayonuka, unahitaji vyumba vingi vidogo. Kama ni rangi ya kutilia vitambaa, au weusi wa maji yaliyokaa kwenye majani yaliyooza, unahitaji vichochoro pia.

Asidi ya fosforiki ndiyo chaguo langu kwa anayeanza, na mwongozo uliobaki utaifuata hiyo. Hufanya kazi mbili kwa pamoja. Kwanza huvunja minyororo ya selulosi na hemiselulosi, vitu vinavyojenga kifuu, na kuyang'oa maji yaliyomo. Pili, hujipachika katikati ya vipande vilivyovunjika na kuvizuia visirudiane. Fikiria mafundi wanaomwaga zege la jamvi: hufunga mbao, humwaga zege, na zege likishika mbao hutolewa, nafasi ikabaki. Asidi ndiyo mbao. Tanuri hushikisha zege, na maji ya kuoshea ndiyo yanayong'oa mbao. Kutoka picha hiyo utaelewa karibu kila kitu kinachofuata: mbao chache nyembamba huacha nafasi finyu, mbao nyingi zilizokusanyika huacha nafasi pana, na usipozing'oa huna chumba.

Kloridi ya zinki hufanya kazi inayofanana na hiyo kwenye nyuzi 500 hadi 600, na hutoa mchanganyiko mzuri wa vidogo na vya kati. Mimi siigusi. Moshi wake hudhuru mapafu, na zinki inayobaki kwenye mkaa haifai hata kidogo kukaribia maji ya kunywa.

Hidroksidi ya potasiamu, potashi kali, ni mnyama mwingine. Hii kwa kawaida haiwekwi kwenye kifuu kibichi bali kwenye mkaa uliokwisha kuchomwa, kisha hupashwa nyuzi 700 hadi 850 ndani ya naitrojeni. Hula kaboni na kugeuka kabonati. Njiani potasiamu yenyewe huzaliwa na kujipenyeza kati ya tabaka za kaboni, ikizitanua. Mkaa wake unaweza kuvuka mita za mraba 2,000 kwa gramu, karibu wote vyumba vidogo. Lakini potasiamu hiyohiyo ikibaki kwenye chombo, ukaimwagia maji, huwaka. Usiifanye karakana. Na usithubutu kuimimina kwenye sufuria ya alumini, zile za kupikia wali: huitafuna na kutoa haidrojeni mbele yako. Asidi ya fosforiki nayo huila alumini, kwa hiyo sufuria za nyumbani ziacheni nyumbani.

Sasa limau. Zimeenea video za mtu anayeloweka mkaa kwenye maji ya limau usiku kucha na asubuhi anatangaza kuwa umekuwa amilifu. Muheza ipo hapo jirani, malimau na machungwa hayatushindi, kwa hiyo nimelijaribu. Asidi ya limau huyeyusha majivu yaliyoziba midomo ya vitundu, na mkaa hufanya kazi vizuri kidogo kuliko awali. Hilo ni kusafisha. Kitundu kipya hakuna. Anayekuuzia mkaa wa limau kwa bei ya mkaa amilifu amekuuzia mkaa uliooga.

Hatua ya 2: Andaa vifuu

Chukua vifuu vya nazi zilizokomaa, vya kahawia iliyokoza. Vya madafu ni laini na vina maji mengi. Kwangua nyuzi za makumbi zote kwa kisu au kipande cha msumeno, kwa sababu makumbi huungua kwa namna yake na yana potasiamu nyingi inayoharibu ulinganisho.

Kisha angalia vilitoka wapi. Vifuu vya sokoni ni visafi. Vile vya kuokota ufukoni, kuelekea Mwambani au Pangani, vimelowa chumvi na vimejaa mchanga mweupe, na mchanga wetu mweupe kwa sehemu kubwa ni matumbawe na makombe yaliyosagika, yaani chokaa. Kalsiamu na sodiamu zikiwa ndani ya kaboni yenye joto hazikai kimya. Huchochea kuta kuliwa, na kalsiamu hasa hupanua vitundu badala ya kuviongeza. Tena chokaa hula asidi yako kabla haijafika kwenye kifuu. Suuza kwa maji baridi mara tatu, chemsha dakika thelathini, suuza tena, kisha anika jua kali siku mbili.

Vunja kwa nyundo ndani ya gunia, saga kwa kinu na mchi, halafu chekecha. Punje unazozitaka ni za milimita 1 hadi 2. Kubwa zaidi ya hapo, asidi haifiki katikati. Ndogo zaidi, utapata unga unaokaba kichujio. Unga usiutupe, utautumia kujaribia tanuri.

(Kuna wanaoniuliza kwa nini nisitumie mabaki ya mkonge, sisi ni watu wa Tanga na mkonge uko hapa tangu 1893. Yanafaa. Lakini nyuzi za mkonge zina lignini (kitu kinachoupa mmea ugumu) kidogo kuliko kifuu, asidi huzila kwa kasi, na mkaa wake ni mwepesi na unavunjika vidoleni. Jaribu baada ya kukijua kifuu.)

Hatua ya 3: Pima uwiano

Hapa ndipo mwongozo ulipo, mengine yote ni kuzunguka. Uwiano ni uzito wa asidi halisi, isiyohesabiwa maji yake, ukigawanywa kwa uzito wa kifuu kikavu. Asidi ya dukani kwa kawaida ni asilimia 85. Kwa hiyo gramu 100 za asidi halisi ziko ndani ya gramu 118 za kilichomo kwenye chupa.

Andaa mitungi minne ya kioo, kila mmoja gramu 100 za punje:

Mtungi A: maji matupu, gramu 200. Huu ndio shahidi wako. Usipokuwa nao hutajua kama vitundu vimeletwa na asidi au na moto tu.

Mtungi B, uwiano 0.5: asidi ya chupani gramu 59, maji gramu 141.

Mtungi C, uwiano 1: asidi gramu 118, maji gramu 82.

Mtungi D, uwiano 2: asidi gramu 235, maji gramu 65.

Mimina asidi kwenye maji, polepole, ukikoroga; kamwe usimimine maji kwenye asidi. Vaa miwani ya kinga na glavu za mpira zinazofika juu ya kiganja, na ndoo ya maji iwe mkononi. Na soma lebo. Kuna muuzaji mmoja aliwahi kunipimia asidi ya betri akaniapia kuwa asidi ni asidi. Asidi ya betri ni salfuriki. Ikipashwa pamoja na kaboni hutoa hewa ya salfa inayobana kifua, na siku hiyo wenzangu wote walikimbilia nje wakikohoa, mimi nikiwa wa mwanzo.

Hatua ya 4: Loweka, na uangalie

Weka mitungi kwenye maji ya moto ya nyuzi 80 hadi 85 kwa saa mbili, ukikoroga kila baada ya dakika kumi na tano kwa kijiti cha kioo. Kisha iache usiku kucha.

Usiondoke hapo ukaenda kunywa kahawa, maana hii ndiyo nafasi pekee ya kuiona kemikali ikifanya kazi kwa macho. Punje za A zitabaki kahawia, maji yake yakawa kama chai nyepesi. Za B huwa kahawia nzito. Za C na D huanza kupata weusi kingoni, kwenye mivunjiko, kisha weusi unatambaa kuelekea katikati. Chukua punje moja ya D kwa koleo, ikate kwa wembe juu ya sahani: utaona pete nyeusi nje na moyo wa kahawia ndani. Moyo huo ni sehemu ambayo asidi haijafika, na ukiipeleka tanurini hivyo utapata punje yenye ganda amilifu na kiini cha mkaa wa kupikia. Subiri. Asubuhi kata nyingine. Pete ikishagusana katikati, na punje ikibonyea kidogo chini ya wembe badala ya kuruka kama changarawe, asidi imeingia.

Ndiyo maana muda wa kuloweka si wa kuamriwa na kitabu. Unategemea unene wa kifuu na ukubwa wa punje zako.

Hatua ya 5: Kausha, kisha choma

Mimina kila mtungi kwenye bakuli lake la kauri, pamoja na majimaji yake yote. Ukiyachuja na kuyatupa, uwiano ulioupima kwa taabu umepotea. Kausha kwenye nyuzi 105 hadi 110 mpaka uzito usibadilike. D itabaki inanata kama kashata ambayo haijaganda. Ni kawaida, asidi haivukizi kwa joto hilo.

Funika bakuli, uingize tanurini. Panda nyuzi 5 kwa dakika hadi 450, kaa hapo saa moja, zima. Njia yote ya kupanda ni kama dakika 85, na katikati yake utaona moshi mweupe ukitoka. Una mvuke wa asidi na monoksidi ya kaboni, ile inayoua watu kwenye vyumba vyenye jiko la mkaa. Tanuri liwe chini ya bomba la kutolea hewa au nje kabisa barazani, upepo wa bahari ukupitie mgongoni.

Kwa nini 450? Chini ya 350 kuta hazijakomaa. Kuanzia hapo vitundu huongezeka hadi kufika kilele karibu na 450 hadi 500. Ukizidi, viungo vya fosfeti vilivyokuwa vimeshikilia nafasi huanza kukatika, kuta hujikunja, na chumba ulichokijenga hufinywa. Mgeni wa kazi hii hudhani moto mkali zaidi ni mkaa bora zaidi, kwa kuwa kwenye njia ya mvuke mambo huenda hivyo kwa kiasi fulani. Kwa asidi ya fosforiki, ukipiga nyuzi 700 umelipia umeme wa kujiharibia.

Usifungue mpaka tanuri lipoe kabisa. Nilifungua mara moja likiwa nyuzi 300 na ushee kwa sababu nilikuwa na haraka ya kuwahi basi. Bakuli la A lilikuwa jeusi kwa sekunde mbili, kisha nukta nyekundu ikatokea pembeni, ikasambaa kama moto wa sigara kwenye mkeka, na nilipopata kifuniko nusu ya mkaa ilikuwa majivu meupe. Bakuli za asidi, jambo la ajabu kwangu wakati ule, hazikuwaka. Fosforasi huzuia kaboni isiungue. Baadaye ndipo nilipokuja kujua kuwa misombo yake hutumiwa kuzuia moto kwenye vitambaa.

Vyombo viwe vya kauri. Kopo la bati litatobolewa na chuma kitaingia kwenye mkaa wako.

Hatua ya 6: Osha mpaka uchoke, kisha osha tena

Mimina maji ya moto yanayochemka juu ya mkaa, koroga, acha utulie, chuja. Rudia. Pima kila maji yaliyochujwa kwa karatasi ya litmasi ya bluu. Mwanzoni itakuwa nyekundu papo hapo. Endelea mpaka isibadilike. Kwangu, C imekuwa ikihitaji maji nane hadi kumi, na D zaidi ya hapo. Wanafunzi hukomea maji ya tatu kwa sababu yanaonekana safi. Ni safi kwa macho tu, mbao bado ziko ndani ya zege. Ukija kupima utapata vitundu vichache, utailaumu asidi, kumbe ni uvivu.

Maji ya kwanza na ya pili yana asidi nyingi. Yaweke kando, unaweza kuyatumia tena kulowekea baada ya kuyapunguza kwa kuchemsha na kuyapima upya. Mengine usiyamwage mtaroni, kwani mitaro yetu huishia baharini na fosfeti hurutubisha mwani. Tia unga wa chokaa, ambao Tanga si wa kutafutwa mbali, ukoroge mpaka litmasi itulie. Fosfeti ya kalsiamu itazama chini kama tope jeupe.

Kausha mkaa kwenye nyuzi 110, kisha pima uzito. Pima sasa, si kabla ya kuosha. A itakupa takriban theluthi moja ya kifuu ulichoanza nacho, au pungufu kidogo. Zenye asidi zitakuwa nzito zaidi, kwa sababu asidi huzuia kaboni isikimbie kama moshi na lami.

Hatua ya 7: Pima vitundu bila mashine kubwa

Mashine ya kupima eneo la kuta hutumia naitrojeni kwenye nyuzi hasi 196, kwa hesabu ya Brunauer, Emmett na Teller ya mwaka 1938. Huna, nami sina. Tuna iodini na bluu ya methilini (rangi ya buluu ya maabara), na zikitumiwa pamoja husema mengi. Molekuli ya iodini ni ndogo, inaingia hadi vyumbani. Ya bluu ya methilini ni kubwa zaidi, inahitaji kitundu cha nanomita 1.5 hivi kwenda juu. Ya kwanza inahesabu vyumba, ya pili inahesabu vichochoro na vyumba vipana.

Saga kila mkaa uwe unga na uupitishe kwenye chekeche lilelile. Ukisaga mmoja laini kuliko mwingine, unapima mchi wako.

Kwa maabara yenye vifaa, njia ni hii: gramu 1 ya mkaa, mililita 10 za asidi ya haidrokloriki ya asilimia 5, chemsha sekunde 30 ili salfa itoke, poza, ongeza mililita 100 za iodini ya nomali 0.1 (nomali ni kipimo cha ukali wa myeyusho), tikisa sekunde 30, chuja mara moja. Chukua mililita 50 za ulichochuja, tia thiosulfati ya sodiamu ya nomali 0.1 tone kwa tone mpaka rangi iwe ya njano hafifu, weka matone ya uji mwepesi wa wanga, endelea mpaka ubuluu upotee. Tuseme umetumia thiosulfati mililita 10. Iodini iliyobaki ni ya nomali 0.02. Ulianza na milisawa 10 (milisawa ni nomali ukizidisha kwa mililita). Zilizobaki kwenye mililita 110 zote ni 2.2, zilizonaswa ni 7.8. Zidisha kwa 126.9, unapata miligramu 990 kwa gramu moja, ambayo ni namba nzuri sana. Ukipata thiosulfati iliyotumika ni tofauti mno na mililita 10, badilisha uzito wa mkaa urudie, kwa kuwa namba ya iodini husomwa pale iliyobaki inapokuwa nomali 0.02.

Asiye na hivyo vyote achukue glasi nne, maji mililita 50 kila moja, na matone sawa ya iodini ya duka la dawa. Nusu gramu ya unga, tikisa dakika moja, chuja kwa karatasi, dondoshea wanga wa muhogo. Iliyobaki buluu nyeusi haikunasa. Iliyobaki nyeupe imenasa. Hii haikupi namba, ila inapanga nani wa kwanza na nani wa mwisho. Rudia vivyo hivyo kwa bluu ya methilini, ukilinganisha rangi mbele ya karatasi nyeupe.

Soma matokeo kwa jozi. A itashindwa kote. Kutoka B kwenda C, iodini hupanda kwa kishindo: asidi imetawanyika chembe chembe na kila chembe imeacha chumba. Kutoka C kwenda D, bluu huendelea kupanda, lakini iodini husimama au hata kurudi nyuma kidogo. Asidi ilipozidi ilijikusanya mafungu mafungu, kuta kati ya vyumba zikaondoka, vyumba viwili vikawa ukumbi mmoja. Kwa mtu wa rangi za vitambaa, D ndiyo bora. Kwa mtu wa klorini, C, tena kwa nusu ya asidi. Ukikuta iodini ya D iko chini ya B, rudi Hatua ya 6, hukuosha.

Mkaa wa asidi ni laini kuliko wa mvuke. Ndiyo sababu wachenjuaji wa dhahabu hutaka wa vifuu ulioamilishwa kwa mvuke: unagongana na mawe ndani ya tangi siku nyingi, na kila unga unaovunjika unaondoka na dhahabu yao. Usiwapelekee D.

Na maji ya visima vyetu vya pwani, yale ya chumvi, mkaa huu hautayafanya matamu hata ukiujaza pipa. Chumvi hupita. Floridi haishikiki vya kutosha, na vijidudu wa kuharisha hawauawi. Maji bado yachemshwe. Mkaa wako wa kwanza uutumie kwa rangi na harufu, usiupe mtu anywee mpaka maabara yenye sifa imepima fosfeti na metali zinazotoka.

Kilichobaki ni kuhifadhi. Mtungi wa kioo, kifuniko kinachobana, na lebo yenye uwiano, joto na tarehe, kwa sababu wiki mbili baadaye B na D huwezi kuzitofautisha. Nilishaacha mtungi wa C wazi stoo, kwenye rafu ileile walipokuwa wameweka ng'onda wa mfungo. Mwezi mzima stoo haikunuka samaki, wote wakashangaa. Mkaa wenyewe nilipokuja kuupima, iodini ilikuwa imeshuka, na maji ya kwanza niliyochujia nao niliyanusa, nikayamwaga.